Upana wa Kichochoro

Tangazo lile nililisoma nikiwa chini ya meza ya omena, magoti kwenye vumbi, shingo nimeipinda kama kuku anayekunywa maji. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa. Mama alikuwa amenituma nikusanye omena, dagaa wetu wa ziwani, kabla hazijalowa, na gorogoro la kupimia likaniponyoka, likaviringika hadi chini ya meza. Nilipoinama kulichukua niliinua macho, nikaona herufi nyekundu zimejaa upande wa chini wa ubao.

Zilikuwa za Kiingereza, kile Kiingereza cha ofisini ambacho sentensi yake hufika mwisho ikiwa imechoka. Nilizisoma polepole. Mwenye ploti iliyopakana nasi alikuwa anaiomba kaunti ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi yake, kutoka nyumba moja ya familia hadi jengo la orofa, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Yeyote mwenye pingamizi aliandike na kulifikisha kwa ofisi ya mipango katika muda wa siku kumi na nne tangu tarehe iliyoonyeshwa hapo chini.

Nilihesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya kumi na sita.

"Mama," nikaita, bado niko chini ya meza. "Ubao huu uliutoa wapi?"

"Ubao gani?"

"Huu wa meza."

"Huo? Upepo uliuangusha pale kwa ua wa jirani. Ulilala kwa nyasi siku nzima. Mbao nzuri hivyo, ningeachia mchwa?"

"Na hukuona umeandikwa?"

"Niliona. Nikajua ni krusedi, yale mahubiri ya uwanjani." Alikuwa anakunja gunia, hana habari. "Kila mti mjini una krusedi. Nikageuza maandishi yaangalie chini, rangi isishike omena. Nani atanunua omena nyekundu?"

Tone la kwanza la mvua lilipiga ubao juu ya kichwa changu. Nikatoka, nikamwambia ulikuwa ubao wa nini. Aligeuka akatazama kichochoro, akakitazama muda mrefu, omena zikilowa.

Lazima nikieleze kichochoro hicho, kwa sababu kwenye ramani hakionekani kuwa kitu.

Mtaa wetu ni wa zile nyumba za zamani za mstari karibu na Kaloleni, kuta zinashikana, milango inatazamana. Gari haliingii. Kutoka mlangoni kwetu hadi barabara ya lami kuna njia moja tu ya maana, kichochoro kinachopita kati ya ukuta wa nyumba yetu na ploti ya jirani. Katikati yake kuna mtaro wa maji ya mvua, wazi, upana wake hatua moja ya mtu mfupi. Upande wetu wa mtaro kuna ardhi ngumu iliyokanyagwa na miguu ya miaka mingi. Upande wa pili kuna utepe wa nyasi, halafu ua wa kayaba wenye miiba. Sote tuliamini nyasi hizo ni za kichochoro.

Kwetu mtu akifia mjini hazikwi mjini. Anapelekwa dala, nyumbani kwa baba zake. Lakini kabla ya kwenda, jeneza linatolewa mochari na kuletwa kwanza kwenye nyumba aliyokuwa akiishi, ili aage mlango alioufungua kila siku, na mlango umuage. Kwa kuwa gari haliingii, linasimama barabarani, na jeneza linabebwa mabegani kupitia kichochoro. Watu watatu wanapita upande huu wa mtaro, watatu upande ule wa nyasi, na marehemu anapita katikati juu ya maji. Ndivyo baba yangu alivyopita nilipokuwa kidato cha pili. Nilimfuata nyuma nimevaa sare za shule, nikiangalia viatu vya wabebaji vikikanyaga nyasi, na ninakumbuka kwamba jeneza halikuyumba hata mara moja. Jambo hilo dogo lilinibeba siku nzima, hadi tulipomfikisha nyumbani kwetu, ng'ambo ya Kisian.

Sasa kulikuwa na mtu aliyetaka kujenga.

Jirani yetu wa nyuma ni seremala mstaafu ambaye hajastaafu. Alipotuona tumesimama kwenye mvua, ubao tumeugeuza, tukilitazama tangazo, alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu mbili.

"Mwandishi," akaniita, maana ndivyo anavyonitania tangu nianze kukaa nyumbani na kompyuta barazani, "leo umepata kitabu kikubwa cha kusoma."

Nikamsomea. Akaenda kwenye kona ya kichochoro, akachakura nyasi kwa mguu, akatuonyesha jiwe la mpaka, bikoni, lililozama udongoni kando kabisa ya mtaro.

"Nyasi si zenu," akasema. "Hazijawahi kuwa zenu. Aliyepanda ua zamani alirudi tu nyuma kwa ukarimu wake. Huyu akijenga ukuta kwa bikoni, ukuta utasimama mdomoni mwa mtaro."

"Na watu watatu wa upande ule watapita wapi?" Mama akauliza.

"Labda kwa mtaro. Wavae gambuti."

Hakucheka, na sisi hatukucheka. Mama alifuta uso kwa leso. "Mimi ndiye nimebaki mkubwa hapa," akasema. "Zamu inayofuata hapa ni yangu. Sitatolewa kwangu nimesimamishwa wima kama kabati."

Siku hiyo ndipo nilipoamua kupinga.

Niliandika pingamizi asubuhi yote ya siku iliyofuata. Nilikuwa na riwaya niliyokuwa nimekwama nayo kwa miezi, na ghafla maneno yakaja kama yalikuwa yanasubiri nimpate mtu wa kupigana naye. Nilijaza kurasa sita. Niliandika juu ya maji, viatu, nyasi, sauti ya wanawake inavyobana kati ya kuta mbili na kutoka barabarani ikiwa kubwa zaidi. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu muda wa pingamizi ulikuwa umepita, niliandika pia hivi: "Sisi wakazi hatukuona tangazo lolote." Niliisoma mara mbili. Nikaiacha.

Mama alisisitiza kuja. Alivaa gauni la kanisani na viatu vya kufunga. Mkononi alibeba kipochi ambacho ndani yake, najua, kulikuwa na kitambulisho na peremende tu.

Ofisi ya mipango ilikuwa na meza tatu, na kila meza imezungukwa na mikunjo ya ramani iliyosimama kama miwa. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alisoma kurasa zangu zote sita bila kuruka. Nilijua hakuruka kwa sababu alikuwa analamba kidole kila alipofungua ukurasa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ukurasa wa nne umenigusa kabisa. Sasa niambie. Mimi siamui peke yangu. Faili hii inazunguka. Inaenda kwa watu wa barabara, kwa watu wa afya, kwa mazingira, kwa mpima ardhi. Kila mmoja anaandika maoni yake, halafu kamati inakaa. Nikimpelekea mtu wa barabara ukurasa wa nne, yeye aandike nini?"

Niliutazama ukurasa wa nne mkononi mwake.

"Kichochoro kina upana gani?"

Nilitanua mikono hewani, nikaishusha.

"Mtaro je? Mtu akiugua, machela inapita? Moto ukiwaka, mpira wa maji unafika?" Hakuwa mkali. Alikuwa kama fundi cherehani anayekuuliza kiuno chako. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka kidole. "Na hapa mnasema hamkuona tangazo."

Alifungua faili, akatoa picha. Mwombaji hulazimika kuleta picha ya ubao ukiwa umesimama. Ubao ulikuwa pale, mwekundu, umepigiliwa kwenye nguzo mbili mbele ya ua wa kayaba. Na kwenye ukingo wa picha, beseni kichwani, akiupita ubao bila kuutazama, alikuwa Mama.

Nilinyoosha mkono kuchukua ukurasa wa kwanza.

"Huyo ni mimi," Mama akasema.

"Naona, Mama."

"Na huo ubao uko kwangu."

Nilimgusa mkono. Aliuondoa mkono wangu polepole, kama anavyoondoa nzi kwenye samaki.

"Siku ya tatu upepo uliuangusha," akasema. "Mimi nilipita, nikauokota, nikaufanya meza ya omena. Nilidhani ni krusedi iliyopita. Huyu mtoto ameandika hatukuona kwa sababu anataka kunifunika. Asinifunike."

"Mama, uliung'oa au ulianguka wenyewe?" afisa akauliza.

"Kuanguka ni upepo. Kuchukua ni mimi."

Afisa alivua miwani. Alimtazama Mama kwa muda, nikaona mdomo wake unapigana na kicheko, na akakishinda. "Unajua kuondoa tangazo la namna hii ni kosa?"

"Sasa najua."

"Usirudie."

"Sitarudia. Lakini na wao waandike kwa lugha ya watu."

Hapo kicheko kikamshinda yeye. Kisha akaandika kwenye faili, na alipomaliza akatueleza. Kama tungeendelea na maneno ya kutoona tangazo, picha ingetumaliza, na barua yetu ingewekwa kando kama iliyochelewa. Lakini ubao ulitakiwa usimame siku zote kumi na nne, na kazi ya kuhakikisha umesimama ilikuwa ya mwombaji. Kwa maneno ya Mama mwenyewe, ubao ulikuwa umesimama siku mbili tu. Angemwandikia mwombaji ausimamishe tena, na siku zingehesabiwa upya.

"Mna siku kumi na nne nyingine," akasema. "Nileteeni ukurasa mmoja. Vipimo, sababu, ombi. Na msiandike hamtaki jengo. Mtu ana ploti yake, kamati haiwezi kumwambia akae na nyasi kwa sababu nyinyi mmezizoea. Andikeni mnataka nini kibaki."

Tulitoka tukitembea kwa miguu. Mama alisimama tulipofika penye kivuli.

"Yale maneno ya kutoona. Ulidhani utanisaidia?"

"Nilitaka tushinde, Mama."

"Hata mimi nataka tushinde." Akafungua kipochi, akanipa peremende, kama nilipokuwa na miaka sita. "Lakini siku ile nitakayopita pale, watu watanisindikiza. Sitaki hata mmoja wao awe anakumbuka uongo."

Siku mbili baadaye mwombaji mwenyewe alikuja kuchukua ubao wake. Ni mfanyabiashara kutoka upande wa kati wa nchi, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na ameishi Kisumu muda mrefu kiasi cha kupunguziwa bei ya samaki kwa Dholuo safi. Mtaani tunamwita Mzee wa Hadwea. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuja na kofia mkononi.

Mama alikuwa ameusugua ubao kwa sabuni ya mche mpaka rangi nyekundu ikafifia pembeni. Mzee wa Hadwea aliuinamia, akanusa.

"Mama, ubao wangu unanuka samaki."

"Na ploti yako pia itanuka samaki. Wewe jenga tu."

"Mimi nimefuata ramani," akasema. "Sijavuka hata inchi. Nenda kwa bikoni, upime."

"Ndiyo tunapima leo," Mama akasema. "Weka kofia chini."

Seremala alikuwa ameshafika na utepe wake wa chuma na kamba. Tuliifunga kamba kutoka bikoni hadi bikoni, pale ambapo ukuta ungesimama. Nilipima. Kutoka ukuta wetu hadi kamba, futi sita. Kati ya hizo, mtaro ulikula futi mbili, na ukingo wake wa mbali ulikuwa chini ya kamba yenyewe. Nilikuwa naandika kwenye daftari la riwaya, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

"Vipimo peke yake havionyeshi," seremala akasema. "Nina jeneza karakana, la mtu wa Ahero, hawajalifuata. Tulilete tupitishe."

"Jeneza tupu halipiti hapa!" Mama akaruka. "Likipita tupu litarudi kutafuta mtu. Unanitakia nini, Fundi?"

"Sasa tutapitisha nini?"

Mama akautazama ubao. Plaiwudi ile, maana mwenye hadwea hakosi plaiwudi, ilikuwa ndefu kupita mtu mzima kidogo, na upana wake ulikuwa wa mabega. Tukaelewa sote kwa pamoja.

Tulihitaji watu sita. Seremala na mimi tukawa wawili. Majirani watatu walioacha kufua wakaja na mikono yenye povu. Alibaki mmoja.

"Shika upande huu, Mzee wa Hadwea," Mama akasema.

"Mimi?"

"Ni ubao wako."

Akashika. Mama alimpanga upande wa ploti yake, wa kwanza mbele, na akatangulia yeye mwenyewe kama anavyotangulia mtu anayeongoza wimbo, ila hakuimba. "Mabegani," akasema. "Msikanyage nje ya kamba. Kamba ni ukuta."

Tulichukua hatua nne. Sisi wa upande wa nyumba tulipita tukisuguana na ukuta, ngozi ya kiwiko changu ikabaki pale. Wa upande wa kamba hawakuwa na pa kuweka mguu. Hatua ya tano Mzee wa Hadwea aliutafuta ukingo, akaukosa, na mguu wake wote ukaingia mtaroni hadi kwenye goti. Ubao uliinama upande wake. Tuliukamata kabla haujaanguka, ukabaki umelala kiubavu hewani, tukiwa tumeushikilia kwa vidole.

Hakuna aliyecheka. Hata majirani wa povu, ambao hucheka kwa lolote.

Mzee wa Hadwea alisimama mtaroni, maji machafu yakipanda kwenye suruali. Aliutazama ubao ulivyoinama.

"Na huu ni ubao tu," akasema. "Hauna mtu ndani."

Nilidhani tumeshinda. Lakini alipotoka, akajikamua suruali, aliongea kwa sauti ya mtu anayejua hesabu ya nyumba yake. "Mama, nimeona. Lakini nikirudi nyuma hivi mnavyotaka, kila orofa inapoteza chumba kizima. Mimi nina watoto pia. Nitasimamisha ubao wangu, nyinyi andikeni, kamati iseme."

"Iseme," Mama akamjibu, na akamletea maji ya kunawa mguu.

Nikaandika ukurasa mmoja. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu kigumu namna ile. Futi sita kwenye ramani, nne za kukanyaga. Watu sita waliobeba mzigo wa urefu wa mtu hawakuweza kupita, na mmoja wao, ambaye ni mwombaji, alitumbukia mtaroni. Machela haitapita. Hakuna njia nyingine ya kutoka nyumba kumi na mbili hadi barabarani. Halafu sentensi moja kuhusu desturi, moja tu: kwamba marehemu wa mtaa huu huletwa nyumbani na kutolewa kwa njia hii, mabegani. Halafu ombi: ukuta urudi nyuma futi nne kutoka bikoni, na mtaro ufunikwe kwa zege. Nilifuta kivumishi kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetoa miiba ya samaki ili mwingine ale. Wakazi wote wakatia sahihi. Mama alitia yake ya kwanza, kwa herufi kubwa, na safari hii aliisoma barua yote kwanza, kwa sababu niliiandika kwa Kiswahili.

Ubao ulisimama upya. Mama aliuangalia kila asubuhi, tena kuliko mwenye ubao. Siku moja upepo wa alasiri ulianza kuulegeza, nikamkuta amepiga magoti akigongea nguzo kwa jiwe.

"Unamsaidia?" nikamuuliza.

"Usianguke tena, wakasema ni mimi."

Afisa alikuja siku ya ukaguzi na wenzake wawili, mmoja wa barabara, mmoja wa afya. Nilitarajia hotuba. Walikuja na utepe. Walipima kichochoro mara tatu, sehemu tatu, wakaitana namba kwa sauti, wakafungua ramani juu ya meza ya Mama ambayo sasa ilikuwa na gunia badala ya ubao. Mtu wa afya alimuuliza Mama maji ya mtaro hufika wapi mvua kubwa ikinyesha. Mama akamwonyesha alama kwenye ukuta. Mtu wa barabara akauliza gari la wagonjwa husimama wapi. Mama akamwonyesha. Hakuna aliyeuliza tunajisikiaje, na nilipowatazama wakiondoka nilijua kwamba kile nilichokuwa nimeandika kwenye kurasa sita, wao walikuwa wamekikusanya kwa njia yao, kwa futi.

Halafu tukasubiri. Nilikwenda ofisini kila wiki. Afisa alizoea, akawa ananisalimu kabla sijakaa. Aliniambia kamati ina majibu manne: kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha, kukataa. "Watu wote wanaokuja hapa wanataka la kwanza au la nne," alisema akifunga faili. "Kazi yetu nyingi iko kwenye la pili." Siku nyingine nilimkuta anabishana kwenye simu na mchoraji fulani kuhusu ngazi, akisema kwa subira, mara ya tatu, kwamba ngazi haiwezi kushukia kwenye njia ya umma. Ilikuwa ngazi ya jengo la jirani yetu. Sisi hatukuwa hata tumeiona kwenye ramani.

Barua ilipofika, Mama alinitaka niisome nikiwa nimesimama.

Walikubali, kwa masharti. Ukuta urudi nyuma futi tatu kutoka bikoni, si nne tulizoomba. Mtaro ufunikwe kwa mabamba ya zege yenye nguvu ya kukanyagwa, kwa gharama ya mwenye jengo, kabla ya ukuta kuanza kupanda. Ngazi iwe ndani. Na kwa kuwa alipoteza nafasi upande huo, akaruhusiwa orofa moja zaidi juu.

Nilijumlisha. Futi sita na tatu, na mtaro chini ya miguu badala ya kuwa shimo. Watatu huku, watatu kule. Nikamwambia Mama kwamba atapita.

Alikuwa anatazama juu, mahali ambapo bado hapakuwa na kitu. "Orofa moja zaidi," akasema. "Jua la alasiri litakwisha hapa mapema. Omena hazitakauka."

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimepima ardhi yote, sikupima jua. "Tunaweza kukata rufaa," nikasema. "Barua inasema kuna nafasi ya rufaa. Naweza kuanza leo."

"Uliomba njia, umepewa njia." Akashika ukingo wa meza, akaitikisa kidogo kujaribu uzito wake. "Jua nitalifuata. Meza ina miguu."

Kwa kuwa siku za tangazo zilikuwa zimekwisha zamani, Mzee wa Hadwea aliung'oa ubao akauleta mwenyewe, akauweka mlangoni. Alisema hana kazi nao, tena unanuka. Mama aliugeuza maandishi chini.

Walianza kuchimba msingi baada ya mvua. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti ya majembe, nikatoka na kikombe cha chai, nikamkuta Mama ameshasimama kichochoroni, mikono kiunoni, mbele ya msimamizi wa ujenzi. Kamba yao nyeupe ilikuwa imenyooka kutoka bikoni hadi bikoni, mdomoni mwa mtaro. Msimamizi alikuwa na ramani mkononi, na ilikuwa ramani ya kwanza, ile ya kabla ya barua.

"Mama, mimi nafuata karatasi," alikuwa anasema.

"Karatasi imebadilika, Bwana."

"Mimi sijaletewa nyingine. Ningojee mpaka mwenyewe aje?"

"Usingoje." Mama akageuka. "Nyathina, mwanangu, toa omena kwa ubao."

Nikazimwaga kwenye gunia. Seremala alikuwa tayari anakuja, hakuhitaji kuitwa. Majirani wa povu wakaja. Tukapungukiwa na mtu mmoja, na Mama akamwambia msimamizi ashike upande wa kamba, wa kwanza mbele. Nilikimbia ndani kuleta barua ya kamati, nikaifungua kwenye ukurasa wa masharti na kuibana kwa jiwe juu ya ubao, upande wa mbele aliposhika msimamizi, ili kila mtu aione. Tukainua mabegani.

Hatua mbili zilitosha. Msimamizi alisimama ukingoni mwa mtaro, mguu mmoja hewani, akatazama chini, akatazama barua iliyokuwa sambamba na sikio lake, akasoma. Kisha akamwita kijana wake wa kamba kwa mluzi.

"Ng'oa hiyo. Rudisha futi tatu."

Tulibaki tumeubeba ubao, hakuna aliyesema tuushushe. Kamba ilitolewa, ikavutwa kwenye nyasi, ikafungwa upya kwenye vigingi vipya. Mama alichukua utepe wa seremala, akaikanyaga ncha yake kwenye ukuta wetu, akauvuta mwenyewe juu ya mtaro hadi kwenye kamba, akauinua machoni. Macho yake siku hizi hayaoni namba ndogo.

"Soma," akaniambia. "Kwa sauti, wasikie wote."

Nilisoma, na ubao begani haukuyumba.